Kofia Iliyopimwa kwa Kidole

Mjukuu wangu anaandika programu za kompyuta. Siongelei kazi yake ya ofisini Bujumbura. Huko kuna mkubwa anayemwambia aandike nini na amalize lini, na anamaliza. Naongelea zile za kwake mwenyewe, anazozianza jioni akishavua viatu. Moja ilikuwa ya wachuuzi wa mawese, wajue bei ya Minago na ya Nyanza-Lac kabla hawajapakia madebe yao. Nyingine ilikuwa ya kuwafundisha watoto wa mjini maneno ya Kiswahili chetu cha Rumonge. Zote amenionyesha zilivyoanza, na zilianza vizuri sana. Hakuna aliyonionyesha ilivyokwisha.

Juzi alikuja kunitembelea, akaweka kompyuta yake juu ya meza yangu ya chakula, akaitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyegoma kuvuka barabara.

"Bibi," akasema, "kuandika najua. Shida yangu ni kurudi kesho yake. Asubuhi nakuta nimepata wazo jingine, na linaonekana zuri kuliko la jana."

"Linaonekana zuri kwa sababu bado hujaligusa," nikamwambia.

"Sasa wewe kofia ya baba yako uliimalizaje?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana chai ilikuwa inapoa. Hapa namjibu kwa urefu, yeye na wengine wenye vikapu vya vitu vilivyokatikia njiani. Nimechoka kusikia watu wa namna hiyo wakiambiwa ni wavivu. Mimi sikuwa mvivu hata siku moja. Nilikosa kitu kingine, na kukipata kulinichukua kutoka mwaka wa uhuru mpaka mwaka wa sabini na mbili.

Kwanza nieleze kofia, kwa asiyejua. Kofia yetu ya kitambaa cheupe ina vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Unachukua kitambaa cha tabaka mbili, unachora kwa penseli, halafu unatoboa vitundu vidogo kwa chuma chembamba kufuata mchoro. Kila kitundu unakizungushia uzi kwa sindano, mshono baada ya mshono, mpaka ukingo wake uwe mgumu na usifumuke. Mchoro wowote tuliuita ua, hata kama ulikuwa wa nyota. Vitundu vya kofia moja ni vingi kiasi kwamba mshonaji mwenye akili havihesabu. Na kitundu ukishakitoboa, umekitoboa. Uzi unaweza kuufumua, tundu litabaki. Hilo naomba ulikumbuke, maana habari yote inakuja kukwama hapo.

Ukanda unashonwa ukiwa umelala, mrefu kama mshipi. Siku ya mwisho ndipo ncha zake mbili zinaunganishwa, na ua la mwisho linatakiwa lishikane na la kwanza hata asiyejua asione lilianzia wapi. Lisiposhikana, kofia hiyo haivaliwi msikitini. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa na desturi yao: kofia isiyokutana hukunjwa na kushonwa pamoja, ikawa kitambaa cha kuepulia sufuria. Jikoni kwa jirani yetu kilikuwepo kimoja cha kazi safi kabisa, kimeungua pembeni. Hakuna aliyeuliza kilishonwa na nani.

Na kofia haikupimwa kwa utepe. Utepe ulikuwa wa fundi wa nguo, wa suruali na kanzu za wateja. Kofia ilipimwa kwa pingili ya juu ya kidole cha shahada cha mwanamke anayeishona: ua moja, pingili moja, na ukanda ulikatwa kwa pingili kamili. Ni kipimo kizuri. Hakipotei, hakiazimwi, na unacho hata ukiwa umekaa ufukweni ukingoja samaki wakauke. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha vizuri.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Aliolewa Ujiji, mumewe akafariki, na tangu hapo alikuwa akipanda mashua kuja kwetu, anakaa mpaka atukinai, anarudi. Baba alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, nyumba yetu ikiwa karibu na soko, na utepe ulikuwa shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kuoga. Nautaja utepe huo kwa makusudi.

Mwaka wa uhuru nilikuwa msichana wa kuruka kamba bado. Wiki nzima baba hakushona nguo ya mtu. Watu walimletea vitambaa vya rangi awashonee bendera. Siku yenyewe ikafika, watu wa milimani wakashuka na ngoma zao, na baba akavaa kanzu yake nyeupe na kofia ya nyota aliyoletewa na shangazi. Shangazi alisimama mbele yake akiirekebisha, kana kwamba baba ndiye anayekwenda kukabidhiwa nchi.

"Bendera mmepata," akasema. "Sisi Tanganyika tuliwatangulia, lakini si neno. Kichwani bado mnavaa Ujiji."

"Kofia ni kofia, dada," baba akasema.

"Ndivyo usemavyo. Niambie nani hapa Rumonge amewahi kutoa ua lake mwenyewe. Mnanakili. Mnanakili vizuri, siwanyimi haki yenu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Maua yote yaliyoshonwa kwenye baraza zetu yaliletwa na mtu ndani ya mashua. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikila andazi. Nikasema, mdomo ukiwa umejaa, "Nitatoa mimi. La hapa. Baba atalivaa."

Wanawake wakacheka sana. Jirani yetu, mama mmoja aliyezaliwa upande wa Kongo na aliyekuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, ndiye pekee aliyenitetea.

"Mumuache mutoto," akasema. "Iko na mudomo, pengine iko na mikono vilevile."

"Mikono anayo," shangazi akajibu. "Makalio ya kukaa chini ndiyo hana."

Baba hakucheka. Aliniambia, akitoka kwenda kwenye ngoma, kwamba kichwa chake kitaningoja.

Wiki ileile nililipata ua langu. Alasiri upepo unapoamka ziwani, mawimbi yanafika karibu na mchanga na kujikunja, kila moja likishika mkia wa lililotangulia. Nililichora kwa kijiti ufukweni mpaka mkono ukazoea, kisha kwa penseli kwenye ukanda wa kitambaa ambao baba alinikatia. Pingili moja, wimbi moja. Nikachora mawimbi machache ya kwanza, nikatoboa, nikaanza kushona.

Halafu nikaliacha. Nilikuwa nimeona jinsi tunda la mchikichi linavyokaa kwenye shada lake, nikaona hilo ndilo ua hasa la Rumonge. Nikaomba kitambaa kingine. Baadaye tukaenda Kigwena kuzika, nikaona majani ya msitu ule yanavyopandana, nikaacha mchikichi. Kila mwanzo ulikuwa mzuri. Nilikuwa na kikapu cha ukindu chini ya kitanda, na humo nililaza mianzo yangu, mmoja juu ya mwingine, mpaka kifuniko kikakataa kufunga.

Shangazi alikigundua. Akawa akija mgeni anakitoa kikapu, anasema, "Karibuni muone makaburi." Jina nililopewa mtaani lilikuwa Fundi wa Mwanzo. Watoto waliniita hivyo nikipita na ndoo, na hata muuza mkate aliniita hivyo kwa heshima, akidhani ni jina zuri.

Miaka ikapita hivyo. Mjukuu wangu akifika hapa atasema, bibi, basi ukakasirika ukaanza kufanya kazi. Ndiyo, nilikasirika. Hasira ilinishonea vitundu vya siku chache, ikaisha, na kikapu kikawa palepale. Usiitegemee hasira, mwanangu. Wala furaha. Zote mbili zinakuja zinapotaka.

Kilichonisaidia kilikuwa kidogo mno hata naona haya kukieleza. Kwetu chai ilinywewa baada ya swala ya alasiri. Mama alikuwa anaweka birika, wanawake wanatoka barazani na kazi zao. Nilijiwekea sharti kwamba sinywi chai kabla sijafunga kitundu kimoja. Kimoja tu. Siku niliyokuwa na homa ya malaria nilifunga kimoja na kurudi kulala. Siku ya furaha nilifunga vingi, lakini kesho yake deni lilikuwa lilelile, kimoja, na vile vya jana havikunisaidia kitu. Nilitoa ukanda wa mawimbi kutoka chini kabisa ya kikapu, kwa kuwa ndio niliomuahidi baba, na vingine vyote nikampa mama afanye matambara. Iliniuma, lakini kikapu kilifunga.

La pili nililijua kwa bahati. Siku moja nilikatizwa kitundu kikiwa nusu, nikaacha sindano imechomwa humohumo. Kesho yake nilipofungua kitambaa sikujiuliza nianzie wapi. Sindano ilikuwa inaningoja, mkono ukaishika kabla kichwa hakijaanza maneno yake. Tangu hapo sikumaliza siku kwenye kitundu kilichokamilika. Nikifunga cha leo, naanza cha kesho, natia mishono miwili, naacha sindano. Wewe mwenye kompyuta jaribu vivyo hivyo: usizime pale penye raha ya kumaliza. Acha mstari wa kesho nusu, na uwe mstari unaoujua.

Na yale mawazo mapya, mazuri kuliko la jana? Sikuyakataza, hayakatazwi. Nilikuwa nayachora kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, yote, kadiri yanavyokuja. Alfajiri mama anafagia. Mengi sikuwahi kuyakumbuka tena. Machache yalinirudia hata baada ya kufagiwa mara nyingi, na hayo niliyashona miaka ya baadaye, zamu yake ilipofika.

Ukanda ukaanza kwenda. Shangazi alikuja, akakaa, akaondoka, akarudi, akanikuta palepale kwenye mkeka.

"Bado uko na wimbi lile?"

"Niko nalo."

"Hata mchumba hujapata, uko na wimbi."

"Mchumba nitamwanza nikimaliza hili, shangazi, usije ukamweka kikapuni."

Jirani wa ndagala alicheka mpaka akashika ubavu. Kila nilipochora wimbi jipya niliweka kidole kitambaani, nikatia alama kwenye pingili, kama nilivyofundishwa. Sikuruka hatua hata moja.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili. Mvua za masika zilikuwa zinaelekea mwisho, na nilikuwa nimebakiza nafasi ndogo kwenye ukanda. Baba alifunga robota la sare za shule, akavua utepe wake shingoni akautundika kwenye cherehani, akaniambia anakwenda kuuza Nyanza-Lac na atarudi baada ya soko. Nikamwambia akirudi atakuta kofia.

"Kichwa ni hikihiki," akasema.

Yaliyotokea kwenye pwani yetu baada ya siku ile, wapo walioyaeleza, na wapo ambao hawakubaki kuyaeleza. Nitaeleza ya barazani kwetu tu. Tuliona moshi upande wa kusini, njia ya Nyanza-Lac ikafungwa. Watu walikimbia kutoka huko, kisha wakaja askari, na watu wakakimbia tena, safari hii kutoka kwetu. Wanaume waliitwa kwa majina wakapandishwa magari, na magari yakarudi bila wao. Mashua zilijaa. Nyumba za mtaa wetu zilifungwa moja moja, nyingine hazikufungwa hata mlango. Habari za baba hatukupata.

Baraza ilibaki na mimi. Wale wanawake wa alasiri walikuwa wameondoka, au walikuwa ndani na dirisha wamelirudisha. Mama aliniita kutoka ukumbini.

"Ingia. Watu hawakai nje siku hizi."

"Sijafunga changu, mama."

"Kifunge ndani."

"Ndani hakuna mwanga wa kutosha."

Mwanga ulikuwepo. Lakini nilijua kwamba siku nitakayohamia ndani nitakuwa nimehama kabisa, na kitambaa kitarudi kwenye kikapu. Walikuwa wametuondolea soko, njia na majirani. Saa yangu ya kabla ya chai sikuwapa.

Siku moja askari kijana akapita, akasimama mbele ya ngazi. Aliuliza kwa Kiswahili cha kubahatisha ninafanya nini.

"Nashona kofia ya baba."

"Baba iko wapi?"

"Anakuja."

Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akasema "Amahoro", yaani amani, kwa sauti ya mtu aliyesahau alichotaka, akaenda. Nilingoja apite kona, nikafunga kitundu.

Siku chache baadaye nilifika mwisho wa ukanda. Nilikuwa na kamba niliyoipima kichwani kwa baba tangu zamani, yenye fundo, nikaulaza ukanda pembeni yake. Nafasi iliyobaki haikutosha wimbi. Wala haikuwa ndogo kiasi cha kuachwa. Nilikunja ukanda kuwa duara, na wimbi la mwisho likamtazama jirani yake kwa mbali, mkono umenyooshwa, hakuna cha kushika.

Nilihisi nimechora vibaya mahali fulani. Nikaanza kukagua kwa kidole, kutoka mwisho kurudi nyuma. Wimbi la mwisho: pingili, sawasawa. La kabla yake: sawasawa. Nilirudi nyuma, na katikati ya ukanda kidole kikaanza kuvuka mstari, kidogo, kisha zaidi. Nilipofika kwenye wimbi la kwanza kabisa, pingili yangu ililifunika lote na kumeza kipande cha la pili.

Nilielewa polepole. Wimbi lile lilipimwa na kidole cha mtoto anayekula andazi kwenye ngazi. Ukanda wote nilikuwa nimeupima kwa kipimo kilekile nilichofundishwa, na kipimo kilikuwa kinakua pamoja nami. Hakuna aliyewahi kunionya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuihitaji tahadhari hiyo. Wanawake wetu walishona kofia kwa miezi, na walishona wakiwa watu wazima. Nani aanze mtoto na kumaliza mtu mzima? Mbele yangu utepe wa baba ulikuwa unaning'inia kwenye cherehani, kama ulivyokuwa shingoni mwake miaka yote ile, na sentimita zake hazikuwa zimekua hata kidogo.

Shangazi akanikuta nimekaa hivyo. Alikuwa kwetu tangu kabla ya balaa, na sasa alikuwa amevaa nguo mbili mbili, furushi mkononi.

"Mashua ya mwisho iko tayari," akasema. "Mwite mama yako, twende Ujiji. Nafasi nimeshashikiwa na watu."

Mama akatoka jikoni. Hakuwa amefunga chochote.

"Akija akakuta mlango umefungwa," mama akasema, "atadhani tumekufa. Mimi nabaki."

"Na kama haji?"

"Basi nitakuwa nimengoja nyumbani kwangu."

Shangazi alimjua mama. Akanigeukia mimi. "Wewe kijana. Inuka."

"Nimebakiza kidogo, shangazi."

Alikivuta kitambaa kutoka mapajani mwangu, akakikunja duara kwa mkono mmoja, na jicho lake lilihitaji mara moja tu. "Haikutani."

"Najua."

"Haikutani, haivaliwi. Ikunje iwe ya kuepulia sufuria, tupande mashua. Unakufa kwa ajili ya tambara?"

"Simfii mtu. Nimesema atavaa. Atavaa."

"Yuko wapi wa kuvaa?"

Nilimwonyesha wimbi la kwanza na la mwisho, na kidole changu juu yake. Aliangalia. Kisha akakishika kidole chenyewe, akakibonyeza kwenye pingili, kama alivyokibonyeza siku ya kunifundisha.

"Nilikipima kikiwa kama njugu," akasema. "Nikasahau kwamba nyama ya mtoto inakua." Aliendelea kukishika. Kisha akamkumbatia mama, akajitwika furushi lake kichwani, akashuka kwenda ufukweni bila kugeuka.

Jirani wa ndagala hakwenda. Nilimuuliza kwa nini. "Nitaenda namna gani," akasema, "niko na ndagala juani."

Nilikuwa na njia mbili tu za akili. Ya kwanza ilikuwa kuchukua kitambaa kipya na utepe wa baba, nianze upya, kila wimbi sawa na mwenzake. Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa zuri kama yote yaliyowahi kunijia, na nililijua mara moja lilivyo: ndilo lilelile la mchikichi na la majani ya Kigwena, limebadilisha nguo. Nililichora mchangani, mama akalifagia.

Ya pili ilikuwa kuepulia sufuria.

Nikachukua ya tatu, ambayo haikuwa ya akili. Ile nafasi iliyobaki sikuitoboa. Niliijaza uzi uliolala, mnene, mshono ukibana mshono, kutoka juu mpaka chini, ikawa kama ukuta mweupe uliosimama. Upande mmoja wa ukuta wimbi kubwa la mwanamke linaupiga. Upande wa pili wimbi dogo la mtoto linaanza. Sikujaribu kuuficha, nilitumia uzi wa baba ulio mnene kuliko wote. Alasiri moja nikaunganisha ncha, alasiri zilizofuata nikashonea duara la juu, na alasiri moja nikatafuta mahali pa kuacha sindano ya kesho, hapakuwepo.

Mama alikuwa mlangoni na birika.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Basi njoo unywe chai," akasema. Tukanywa wawili, na kikombe cha baba kimefunikwa juu ya sinia kama kila siku.

Baba alikuja ziwa likiwa tulivu, asubuhi, katika mtumbwi wa mvuvi wa Minago aliyemwokota njiani. Alikuwa amejificha msitu wa Kigwena, siku ambazo hakutaka kuzitaja wakati huo wala baadaye. Alishuka bila viatu, bila robota, kichwa wazi. Mama alimpa maji. Jirani alileta ndagala, akaziweka mlangoni, akarudi zake kugeuza nyingine juani. Baba alilala, akaamka, akala, akalala tena. Kofia sikuitoa. Niliona haya kumpa mtu aliyetoka huko kitambaa.

Ijumaa alioga, akavaa kanzu, akasimama katikati ya ukumbi.

"Kofia yangu?"

Nikampa. Aliizungusha taratibu kwenye vidole vyake, jicho la fundi likifanya kazi, na ulipofika ukuta akasimama. Akaenda kwenye cherehani, akachukua utepe, akaulaza juu ya wimbi la kwanza, kisha juu ya la mwisho. Alielewa bila mimi kumweleza.

"Hapa ulikuwa hivi," akasema, akionyesha kimo kwa kiganja, chini ya meza. Akazungusha kofia kidogo. "Hapa uliugua surua." Akazungusha tena. "Hapa ulianza kumjibu shangazi yako."

"Haikutani, baba," nikasema.

"Naona."

Mshono wa kofia unakaa kisogoni. Kila mtu anajua; hata kofia isiyo na kosa, maungio yake hupelekwa nyuma. Baba aliivaa, akaishika kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka ule ukuta ukaja katikati ya paji la uso.

"Umeiweka kinyume," mama akasema.

"Najua mbele yangu iko wapi."

Akatoka. Kutoka kwetu mpaka msikitini unapita barabara kubwa, na pale njia panda askari walikuwa wameketi kwenye madumu. Wanaume waliobaki mtaani walikuwa wanapita vichochoroni siku hizo, mabega ndani, kofia mfukoni mpaka mlango wa msikiti. Baba alipita katikati ya barabara. Jirani alikuwa anageuza ndagala zake, akainua kichwa.

"Fundi, kofia yako imeungwa mbele."

"Wanaoniangalia wako mbele," baba akasema, na akaendelea kutembea, si haraka, si polepole, kama anavyotembea mtu anayekwenda kuswali Ijumaa katika mji wake.

Nilimtazama kutoka barazani mpaka alipoingia. Kisha nikaketi kwenye mkeka, nikachukua kipande kipya cha kitambaa, na nikakipima kwa kidole. Kidole kilikuwa kimeshamaliza kukua. Baba aliporudi, kofia ikiwa vilevile, alivuta kiti cha cherehani akaomba chai. Nikamwambia asubiri kidogo, sijafunga changu.